Mwongozo kamili wa kupima mionzi msituni: acha kunitumia picha ya skrini

Wiki haiishi kabla mtu hajanitumia picha ya mashine iko juu ya majani makavu imeandika 0.41, na chini yake swali moja tu: "Mwalimu, hii ni hatari?" Hakuna urefu, hakuna muda, hakuna kusema ni tyubu gani iko ndani, yaani kile kibomba kinachonasa mionzi. Namba kama hiyo mimi siwezi kuisoma, na hata wewe huwezi.

Wengi mnaoniuliza mnajiandaa kwenda Japani kusoma, wengine mnasoma fizikia hapa mjini, na kuna wale wapenda hewa safi tu walionunua mashine wakaanza kuzunguka nayo msitu wa Karura wakitafuta shida. Nitangulize hili ulale vizuri: Karura haijawahi kuangukiwa na ajali ya nyuklia. Misitu iliyochafuliwa kweli iko kule Fukushima, na kule Ukraine na Belarus karibu na Chernobyl. Sisi hapa Nairobi tunafanya mazoezi. Lakini hatua ni zilezile, na ukikosea Karura utakosea na Fukushima, tofauti ni kwamba kule kosa lako litaingia kwa ripoti ya mtu.

## Vitu vya kubeba

- Mashine ya kupima. Kaunta ya Geiger inatosha kuanza. Yenye kristali ni bora zaidi kwa sababu inahesabu haraka, na zingine zinakuonyesha hata ni isotopu gani, yaani ni kitu gani hasa kinachotoa mionzi.
- Jina la tyubu iliyo ndani na cheti cha kalibresheni (kwamba usahihi wake ulikaguliwa) kama kipo. Andika jina la tyubu nyuma ya mashine na makapeni.
- Fimbo ya mita moja na nusu hivi, hata ya ufagio, yenye alama kwa sentimita 1, sentimita 50 na mita 1.
- Karatasi ya nailoni nyembamba ile ya kufunikia chakula, na raba bendi.
- Kinga ya aluminiamu ya milimita 3. Nitaeleza tukifika huko.
- Kamba ya mita 20 iliyofungwa mafundo kila mita 5.
- Simu yenye ramani uliyodauniload mapema, na saa ya kuhesabu dakika.
- Daftari na penseli. Sio peni. Peni mvua ikinyesha inakuangusha.
- Gamubuti, suruali ndefu, glavu, maski ya vumbi, maji, sabuni, brashi, na nguo za kubadilisha.
- Ukienda eneo lililochafuliwa kweli, dosimita ya kuvaa kifuani, kile kifaa kinachojumlisha mionzi uliyopata. Hiyo haina mjadala.

Kuhusu mifuko ya kuwekea vitu vichafu: kwetu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 2017, na tangu 2020 plastiki za kutumia mara moja haziingii kwenye misitu na mbuga zinazolindwa. Hata hiyo nailoni ya kufunikia, kwa mazoezi ya hapa tumia kifuko cha kitambaa au cha turubai nyembamba unachoweza kuosha. Mikebe yenye kifuniko ndio imekuwa ikinisaidia. Inaosheka, na haichaniki kwenye miiba.

Apu za simu zinazodai kupima mionzi na kamera ziache. Kamera ya simu inaweza kushtuka kama mionzi ni mingi sana, lakini kwa viwango vidogo tunavyotafuta msituni inakuwa kipofu.

## Hatua ya 1: Ijue mashine yako ukiwa nyumbani

Hii ndiyo hatua mnaruka nyote, kisha mnakuja kulia.

Weka mashine mezani, mbali na ukuta, usiiguse. Hesabu tiki, ile milio ambayo kila mmoja ni mwale mmoja umenaswa, kwa dakika moja, andika. Rudia mara 20. Utaona namba zinaruka: 27, 33, 24, 38, 30. Mashine haijaharibika. Mionzi inakuja kama mvua inayoanza kudondoka kwa mabati, mara matone matatu pamoja, mara kimya, halafu moja. Huwezi kusema mvua imeongezeka kwa sababu umesikia matatu pamoja.

Hesabu ya kuyumba ni rahisi, chukua kipeuo cha pili cha jumla ya tiki. Ukipata tiki 30 kwa dakika moja, kipeuo ni kama 5 na nusu, kwa hivyo 24 ni sawa na 36 pia ni sawa, na mara mojamoja utaona 41 bila kitu chochote kubadilika. Lakini ukihesabu dakika 10 ukapata tiki 300, kipeuo ni 17, yaani wastani wako ni 30 na inayumba kama 2 tu. Tiki 100 zinakupa kuyumba kwa asilimia 10. Tiki 1000 ni asilimia 3 hivi. Hiyo ndiyo siri yote ya hii kazi, muda, na hakuna mashine ya bei ghali itakayokuokoa kama huna subira.

Sasa peleka mashine karibu na ukuta wa mawe, pima dakika 10, halafu katikati ya uwanja wa nyasi, dakika 10. Nairobi imekaa juu ya mawe ya volkano na nyumba nyingi zimejengwa nayo, mawe hayo yana potasiamu-40 na kidogo cha toriamu na urani, vitu vyenye mionzi ya asili, kwa hivyo usishangae ukuta ukizidi nyasi. Pia tuko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo mionzi inayotoka angani tunaipata zaidi ya watu wa Mombasa. Mtu akikuambia kipimo chake cha Nyali ni kidogo kuliko chako cha Lang'ata msianze kubishana.

*Utajuaje imekubali:* una ukurasa mmoja wa namba za nyumbani na unajua wastani wako wa dakika 10 bila kuangalia. Huo ndio msingi, utaurudia jioni ukitoka msituni.

## Hatua ya 2: Hakikisha mashine inatafsiri vizuri

Kitu mashine inajua kweli ni tiki kwa dakika, ile inayoandikwa CPM. Maikrosiveti kwa saa, ile µSv/h, yaani dozi ambayo mwili unapata kwa saa, ni tafsiri tu, na tafsiri inategemea tyubu.

Mfano. Tyubu ya LND 7317, ambayo watu wa Safecast, kundi la wapimaji wa kujitolea, waliiweka kwenye mashine zao walipoanza kupima Japani baada ya ajali ya Fukushima ya 2011, inahesabiwa kwamba tiki 334 kwa dakika ni sawa na maikrosiveti 1 kwa saa kwa siziamu-137, uchafu mkuu uliobaki kwenye misitu ya ajali. Tyubu ndogo ya Kirusi ya SBM-20 iko karibu na nusu ya hapo, 150 mpaka 175. Sasa mtu ananunua mashine yenye tyubu kubwa, anaingia kwa settings, anaweka 150 kwa sababu aliona mahali mtu ameandika 150. Kila kitu anachopima kinazidi mara mbili na zaidi. Ile 0.41 niliyoanza nayo nilimuuliza mwenyewe polepole, ikawa ni hiyo hiyo, na baada ya kurekebisha ikashuka kuwa 0.18 na wala hakukuwa na stori.

Angalia na herufi pia. Kuna mtu aliniandikia "0.15 mSv/h". Hiyo ni mara elfu moja ya alichopima! Mili na maikro si ndugu.

Na ujue kipimo kimetafsiriwa kwa siziamu. Miale ya gama, ile mionzi inayopenya mbali, ikiwa ya nguvu ndogo kaunta nyingi za Geiger zinaihesabu kupita kiasi. Kwa msitu uliochafuliwa na siziamu uko sawa, kwa sehemu zingine usiapie.

## Hatua ya 3: Ruhusa na kikomo chako, kabla ya viatu

Maeneo yaliyofungwa ya Fukushima na lile la Chernobyl hayaingiwi bila kibali. Hapa kwetu lipa getini kama kila mtu na umweleze askari kabla hajakuuliza. Mimi siku moja niliingia na fimbo imefungwa kitu kinacholia tik tik, askari akanisimamisha, "Mzee, hiyo ni nini unatega?" Ilinichukua robo saa na yeye akataka kupimwa mkono. Nilimpima. Alifurahi sana.

Halafu piga hesabu ya dozi ukiwa umekaa. Kiwango mara saa. Sehemu yenye maikrosiveti 2 kwa saa, ukikaa saa 5 unapata 10. Sehemu yenye 20 kwa saa ni 100 kwa hiyo siku moja, na hiyo ni sehemu ya kumi ya kikomo cha mwaka cha mtu wa kawaida, milisiveti 1 juu ya mionzi ya asili. Mionzi ya asili yenyewe wastani wa dunia ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka.

Andika kwa daftari namba ambayo ukiiona unageuka. Iandike kabla, kwa sababu ukiwa ndani utaanza kujiambia "hatua kumi tu zingine."

Onyo: mahali penye mionzi mikali sana kaunta ndogo inaweza kuzidiwa ikasoma chini au ikanyamaza kabisa. Namba ikipanda, ikipanda, halafu ikaanguka ghafla, usifurahi. Rudi ulikotoka.

Na wanyama. Fukushima kuna dubu, nguruwe mwitu na nyigu wakubwa. Sisi tumezoea tumbili wa kuiba ndizi, kule ni kesi ingine.

## Hatua ya 4: Chagua pointi kwa kamba, sio kwa macho

Msitu si kiwanja. Siziamu ilipoanguka ilishikwa kwanza na matawi, ikashuka na mvua na majani, sasa nyingi imekaa kwenye tabaka la majani yaliyooza na udongo wa juu, hasa sentimita 5 za kwanza, kwa sababu inashikwa na udongo wa mfinyanzi. Kwa hivyo inajikusanya: chini ya shina ambapo maji ya mvua yanateremkia, kwenye mabonde, kwenye mitaro, mahali maji yanatuama. Hatua mbili pembeni namba inaweza kuwa nusu.

Ukichagua pointi kwa macho utachagua zile zinazokufurahisha. Fanya hivi:

Simama ukingoni mwa msitu, barabarani. Hiyo ni pointi sifuri. Vuta kamba moja kwa moja kuingia ndani, weka pointi kwa mita 10, 20, 40. Kila pointi fanya mraba wa mita 10 na upime sehemu tano, pembe nne na katikati, kama namba tano kwenye dadu. Wastani wa hizo tano ndio kipimo cha pointi hiyo.

Kwa nini mita 20? Karibu asilimia 70 ya mkoa wa Fukushima ni msitu, na hakuna mtu angeweza kufagia milima yote ile, tena ukiondoa majani yote kwa mteremko udongo utakimbia na mvua. Kwa hivyo usafishaji wa misitu karibu na makazi ulilenga zaidi mita 20 za ukingo. Ukipita hapo na namba ikapanda ghafla, usidhani mashine imepata wazimu. Umevuka mstari wa ufagio.

Ukiona doa, yaani sehemu ndogo inayolia kuliko zingine, liandike ukurasa tofauti. Usilichanganye na wastani wa mraba. Mtu anayekimbiza madoa anarudi nyumbani na ramani ya madoa, na msitu wenyewe hajaupima.

GPS ya simu chini ya miti inaweza kukosea mita 5 mpaka 10. Ndio maana ya kamba. Pima kutoka kwa kitu kisichohama, jiwe kubwa, kona ya daraja, bango.

## Hatua ya 5: Kipimo cha mita 1

Hiki ndicho kipimo kikuu. Kingine chote ni nyongeza.

Funika mashine na nailoni, safu moja, kaza na raba bendi. Ifunge kwenye fimbo kwenye alama ya mita 1, upande wa tyubu ukiangalia chini. Choma fimbo ardhini na usimame nyuma hatua mbili. Mwili wako ni maji, na maji yanazuia mionzi, ukiikumbatia mashine unapima kivuli chako. Kwa mteremko usisimame upande wa juu, kwa sababu ardhi ya juu iko karibu zaidi na tyubu na ndiyo unataka ionekane.

Mita 1 ni kwa sababu hapo juu ndipo kiwiliwili cha mtu mzima kilipo, na kila mtu duniani anapima hapo kwa hivyo mnaweza kulinganisha. Pia tyubu ikiwa juu hapo inaona ardhi ya makumi ya mita kuzunguka, haiangalii jani moja. Japani kwenye shule za watoto wadogo wanapima sentimita 50, kwa sababu mtoto ni mfupi.

Sasa subiri. Muda gani? Unategemea tyubu na mahali. Kwa ile ya tiki 334, sehemu yenye 0.1 inatoa kama tiki 33 kwa dakika, kufika tiki 1000 utakaa nusu saa. Sehemu yenye maikrosiveti 1 utamaliza kwa dakika 3. Kwa tyubu ndogo ya 150, sehemu ya 0.1 inataka zaidi ya saa nzima kufika 1000, na hapo mimi huwa nakubali tiki 100, dakika 7 hivi, nikijua inayumba kwa asilimia 10, na naandika hivyo. Jambo la ajabu ni kwamba msitu msafi ndio unachosha zaidi kuliko mchafu.

Usiandike namba kubwa uliyoiona skrini ikipepesa. Andika jumla ya tiki na jumla ya dakika, ugawanye mwenyewe.

*Utajuaje imekubali:* rudia sehemu ileile mara moja. Vipimo viwili vikikaa ndani ya kuyumba kwake, endelea. Visipokaa, umesogeza fimbo, au betri inaisha, au umesimama mahali tofauti.

## Hatua ya 6: Kipimo cha ardhini, na vifuniko vya sufuria

Shusha mashine mpaka sentimita 1 juu ya majani. Isiguse. Ikigusa inabeba uchafu na kuanzia hapo unajipima mwenyewe.

Pima mara mbili, bila kinga na ukiwa na kinga ya aluminiamu katikati. Kinga inazuia mionzi ya beta na kuachia ile ya gama ipite. Tofauti ya hizo mbili ndiyo beta, na beta haisafiri mbali, kwa hivyo inakuambia kuna uchafu hapo hapo juu juu. Beta nyingi za siziamu-137 zinakwama kwenye aluminiamu isiyofika hata milimita 1, tunaweka 3 ili tulale. Karibu na Chernobyl kuna strontiamu-90 pia, na mtoto wake, yaani kitu inachogeuka kuwa, itriamu-90, ana beta kali zaidi, huko weka milimita 5. Hii inafanya kazi kama tyubu yako ni ya kupokea beta, kuna zingine zimefunikwa na chuma tayari na hutaona tofauti yoyote.

Aluminiamu ya milimita 3 nilitafuta mjini nikazunguka mpaka miguu ikauma, wanakata shiti nzima au hawakuuzii. Mwishowe nikaenda Gikomba kwa mama wa vyombo, nikachagua vifuniko vidogo vya sufuria vinne, nikavipanga pamoja nikapima unene, milimita 3 na kidogo. Mama akaniangalia. "Kastama, unachukua vifuniko bila sufuria, sasa nyumbani mtapikia wapi?" Nikamwambia ni vya shule. Nilivipiga nyundo vikalala bapa, nikavitoboa na kuvifunga na waya, na mpaka leo ndivyo natumia.

Halafu linganisha ardhini na mita 1:

Ardhini ikizidi sana mita 1, chini yako kuna doa dogo. Zikiwa karibu sawa, uchafu umesambaa sawasawa eneo kubwa, au hakuna uchafu na unaona mionzi ya asili tu. Karura zinafanana, na beta ni sifuri ndani ya kuyumba. Ukipata tofauti kubwa Karura, niamini, ni wewe.

## Hatua ya 7: Usipime mvua ukidhani ni msitu

Hii niliijua kwa aibu. Aprili moja dada mmoja wa Kasarani alinipigia simu saa kumi na moja jioni akihema, kipimo cha nje kimepanda ghafla, ameita watoto ndani. Mimi badala ya kufikiri nikavaa viatu. Nikafika na mashine yangu, kweli imepanda. Tukapangusa boneti ya gari na tishu moja, tukaiweka chini ya tyubu, tiki zikaenda kama mahindi ya kukaanga.

Kumbe ilikuwa imenyesha kubwa nusu saa kabla. Hewani siku zote kuna gesi ya radoni inayotoka ardhini, na watoto wake, risasi-214 na bismuthi-214, wanashikwa na matone ya mvua na kushuka nayo. Wanaisha haraka, nusu ya risasi inaondoka kwa dakika 27 na ya bismuthi kwa dakika 20. Tulikaa na chai tukiipima ile tishu kila robo saa, ikashuka, ikashuka, na saa mbili na nusu baadaye haikutofautiana na tishu ya boksi.

Basi sheria ni hii: mvua ikinyesha, ikikatika ngoja muda wa saa tatu. Udongo ukiloa sana, au theluji ikilala kule Japani au Ukraine, kinyume chake kinatokea, maji yanaziba gama kutoka chini na namba inashuka bila siziamu kwenda popote. Andika hali ya hewa ya jana pia.

## Hatua ya 8: Kama unataka kujua ni nini, chukua udongo

Kaunta ya Geiger haijui majina. Inasema tik, haisemi siziamu wala potasiamu. Na haiwezi kukupa bekereli kwa kilo, yaani atomu ngapi zinavunjika kila sekunde kwenye kilo moja ya kitu, mtu akikuambia amepima uyoga kwa kaunta akapata bekereli, mpite.

Ukiwa na ruhusa, chimba sampuli ya sentimita 0 mpaka 5 na nyingine ya 5 mpaka 10, majani ya juu yaweke mkebe wake. Osha koleo katikati ya kila sampuli, la sivyo ile ya juu inachafua ya chini na utaripoti kwamba siziamu imezama. Lebo nje ya mkebe, sio kwa kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Maabara itakausha, itapima na spektromita ya gama, mashine inayotenga miale kwa nguvu yake, kwa kipimo cha keV. Siziamu-137 inaonekana kwa 662 keV, potasiamu-40 kwa 1461. Siziamu-134 ina mistari ya 605 na 796, lakini nusu yake inaisha kila miaka 2, kwa hivyo ile ya 2011 karibu yote imeshaondoka. Ya 137 inachukua miaka 30.

Uyoga na matunda ya msituni usionje. Uyoga unavuta siziamu kutoka kwenye hayo majani yaliyooza kuliko mimea mingi, na Japani kikomo cha vyakula vya kawaida tangu Aprili 2012 ni bekereli 100 kwa kilo.

## Hatua ya 9: Daftari

Mstari mmoja kwa kila kipimo: tarehe, saa, pointi, urefu, kinga ipo au haipo, tiki, dakika, ardhi ikoje (majani, udongo, jiwe), mvua ya mwisho lini. Juu ya ukurasa aina ya tyubu na namba ya kutafsiri. Basi.

Usiondoe mionzi ya asili kwenye jumla kimyakimya. Andika jumla, halafu ya asili pembeni, kila mtu atoe mwenyewe akitaka.

Na hii 0.23 ya maikrosiveti kwa saa, namba ya usafishaji wa Japani mnayoisikia kila mahali. Si mpaka kati ya uzima na kifo. Japani walitaka dozi ya ziada isizidi milisiveti 1 kwa mwaka, wakachukulia mtu anakaa nje saa 8 na ndani saa 16, na nyumba ya mbao inapitisha asilimia 40. Ukipiga, 0.19 mara 14.4 mara siku 365, inakuja karibu maikrosiveti 1000. Wakaongeza 0.04 ya asili ya kule. Ndio 0.23. Ya asili yetu si ya kwao, kwa hivyo kuichukua hiyo namba na kuiweka juu ya ukuta wa mawe wa Nairobi ni kuazima kiatu cha mtu.

## Hatua ya 10: Kutoka

Kabla ya gari, vua nailoni ukiikunja ndani nje, iweke mkebeni. Pima soli za gamubuti, magoti, makalio kama ulikaa chini, halafu glavu. Tope piga brashi palepale, usilipeleke nyumbani. Maski vua mwisho, baada ya kupiga brashi, maana vumbi ndilo unalitimua hapo. Osha mikono kabla ya kushika chapati.

Mimi Ngong nilisahau kifuko cha kufunikia siku moja, tope likaingia kwenye wavu mdogo wa mbele ya tyubu, na nilikaa jioni nzima na kijiti cha meno. Ilikuwa tope la kawaida. Lingekuwa la Fukushima, ile mashine ingekuwa inajipima yenyewe mpaka leo.

Ukifika nyumbani rudisha mashine kwenye meza ileile ya Hatua ya 1 na uhesabu dakika 10. Ikirudi kwenye wastani wako, umetoka safi. Isiporudi, kila kipimo cha mchana kina alama ya kuuliza, na unaanza kutafuta kutoka ni saa ngapi ilianza kupanda.

## Kurudia mwaka ujao

Mnaniuliza kama mtaona msitu ukipoa mwaka kwa mwaka. Siziamu-137 inapungua kwa asilimia 2 na kidogo tu kila mwaka. Kama vipimo vyako vinayumba kwa asilimia 10, hutaona kitu, na ukiona kushuka kwa asilimia 15 kwa mwaka mmoja uliza kwanza maji yamebeba udongo, au umesimama mahali pengine, au jana kulinyesha. Hesabu tiki nyingi, rudi jiwe lilelile, mwezi uleule, na upe miaka mitano.

Ukikwama nitumie ukurasa wa daftari, nione tiki na dakika.